Mafuta ya Eda

Siku ya mia moja na tano ya eda yangu, wifi yangu Barakat aliniinamia shingoni mbele ya wanawake kumi na wanane waliokuja kusoma khitma, akavuta pumzi, akainuka na kusema kwa sauti iliyofika hadi uani, "Huyu amejipaka asumini."

Naanzia hapo kwa makusudi. Watu wa Mlaleo wakiisimulia habari hii huanzia kwa Matano, fundi wa bomba, aliyekuja mara mbili kutengeneza tangi letu la maji, na mara zote mbili mwanangu alikuwepo. Matano ana mke, ana mguu mbovu, na ana jasho ambalo zamani nililisikia angali mlangoni. Hayo hayakuwazuia. Mjane akinukia lazima atafutiwe mwanamume, na Matano ndiye aliyekuwa karibu.

Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii harufu nzuri ya aina yoyote. Mume wangu Luqman alifariki ghafla kwa moyo, akiwa amekaa kitandani anavaa viatu. Siku ya tatu baada ya maziko, Barakat, dada yake mkubwa, alikuja na kapu. Ni desturi ya nyumba yao kwamba ndugu wa mume ndiye huondoa manukato ya mjane, na Barakat aliifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa. Alikusanya chetezo, udi, marashi, dalia na wanja, kisha akafungua kabati la chumbani. Humo mlikuwa na chupa mbili nyeusi, zilizowahi kuwa za dawa, zenye mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Moja ilikuwa na mafuta matupu. Ya pili nilikuwa nimeyachemsha na maua ya asumini na vilua. Alitwaa moja, akaacha moja. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, macho yamejaa machozi, na sikutazama alichotwaa. Alilifunga kapu kwa kamba, akaenda nalo kwake Bakarani, akasema litafunguliwa siku nitakapotoka eda.

Miezi mitatu mizima sikujipaka kitu. Ngozi ikakauka, visigino vikapasuka, magoti yakawa yananiwasha hata nashindwa kuswali kwa utulivu. Ndipo nikaitoa ile chupa iliyobaki. Kila asubuhi baada ya kuoga kwa sabuni ya kipande nilijipaka mikono, miguu na shingo. Nilijua kila chenye harufu kimeondolewa na mwenye kazi yake. Nilimwamini mtu, hilo ndilo kosa langu.

"Mafuta ni yale uliyoniachia weye," nilimwambia Barakat siku ile ya khitma. Msahafu ulikuwa bado wazi mapajani mwangu.

"Mimi nalikuachia matupu."

"Basi ulikosea chupa."

"Haya, nalikosea!" Akawageukia wanawake, maana yeye hasemi na mtu mmoja ikiwa kumi na wanane wengine wanaweza kusikia. "Tuseme nalikosea. Siku ngapi sasa wajipaka?"

"Siku kumi."

"Siku kumi wajipaka asumini, na pua yako i wapi?"

 Niliinua kiganja hadi puani nikavuta pumzi, nikavuta tena. Sikusikia kitu. Nilivuta mpaka kifua kikaniuma, na wale wanawake wakanitazama nikijinusa, na nikajua walichokiona: mwanamke aliyeshikwa, anaigiza.

Bi Fairuz wa nyumba ya pili, ambaye kwa miaka ishirini nimempelekea futari kila Ramadhani, alifunga msahafu wake na kujitanda buibui. Wengine wakamfuata. Biriani waliyopikiwa ilibaki sahanini.

Walipoondoka niliingia jikoni. Nilisaga karafuu kwa meno. Nilimenya kitunguu thomu. Nilifungua dumu la mafuta ya taa nikaingiza pua mdomoni mwake. Mwisho nilitoa kipande cha papa mkavu ambacho jirani akikifungua mtaa mzima hulalamika, nikakibandika puani. Ulimi ulijua karafuu ni kali na papa ni chumvi. Pua haikujua lolote. Niliogopa, nasema wazi. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi na kile kipande mkononi, nikiogopa zaidi kuliko siku niliyomwona Luqman ameanguka na kiatu kimoja.

Mwanangu Mussab aliporudi kutoka Changamwe, anakofanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, habari zilikuwa zimemtangulia. Ana miaka thelathini na mmoja, hajaoa, anaishi nami. Alisimama mlangoni pa jikoni bila kuvua viatu.

"Mama, niliisikia ile harufu," akasema. "Siku zote kumi. Niliona haya kukuuliza."

"Sisikii harufu, mwanangu. Hata ya papa huyu."

"Tangu lini?"

"Sijui."

"Mtu akipoteza pua atakosa kujua?"

Nilimtazama. Ni uso wa babake, isipokuwa babake hakuwahi kunitazama hivyo. "Nenda kaulize waliopoteza," nikamwambia.

Barakat hakungoja kesho. Kabla ya isha alikuwa sebuleni kwangu na uamuzi wake mkononi: nihamie kwake Bakarani, niimalizie eda chini ya macho yake, ili jina la ndugu yake lisichezewe. Mjane hukaa katika nyumba ya mumewe. Kuhamishwa katikati ya eda, nikatembezwa mchana kutoka Mlaleo hadi Bakarani na mfuko wa nguo, ni sawa na kutangaziwa msikitini kwamba nimefanya walichosema nimefanya. Nilikataa. Barakat akasema hakuniuliza mimi, amemwuliza Mussab.

Na Mussab, badala ya kumwambia shangazi yake anywe chai yake aende, alitafuta njia ya katikati. Alisema kazini kwao kuna kijana aitwaye Clifford aliyepoteza harufu baada ya kuugua korona, na alipimwa pua katika kliniki moja huko Frere Town. Pua hupimwa, kumbe, kama macho. "Twende wote watatu," akasema. "Kipimo kikionyesha husikii, unabaki hapa na hakuna atakayesema neno. Kikionyesha unasikia, Ijumaa unahamia kwa shangazi."

Mwanangu niliyemzaa alinipangia mtihani, na akampa adui yangu kiti cha msimamizi.

Tulikwenda siku ya mia moja na kumi na mbili, saa tatu asubuhi, kwa tuktuk, mimi nimejifunika hadi vidoleni. Tiba ni dharura, sheria inaruhusu, lakini majirani walitoka vibarazani kuhakikisha wameniona.

Mpimaji aliitwa Jerioth, mwanamke wa bara, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Hakutuamkia kama watu wanavyoamkiana. Alisema, "Sasa mama, karibu," akavuta hewa mara moja, akakunja uso. "Nani amejifukiza udi humu?"

Barakat alikuwa amejifukiza tangu alfajiri. Yeye hayumo edani, na alitaka nijue hivyo.

"Wewe kaa kule dirishani. Mbali. Unaniharibia kazi."

Sikumpenda yule daktari hata kidogo, lakini kwa neno hilo nilimwombea dua.

Alianza kwa maswali. Niliwahi kuanguka na kugonga kichwa? Hapana. Korona? Sikupimwa. Mafua ya kudumu? Hapana. Choo? Nilimwambia hilo halimhusu, akasema linamhusu sana, nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba ni kigumu, miaka sasa. Akaandika.

"Usingizi je? Unapiga teke, unapiga kelele ukiota?"

"Mwulize kwa nini walikuwa hawalali pamoja!" Barakat akadakia kule dirishani. "Ndugu yangu alihamia kitanda kidogo mwaka mzima kabla ya kufa. Mke gani humhamisha mumewe?"

Damu ilinipanda. Kumbe hilo nalo alikuwa ameliweka akiba. "Alihama kwa sababu nalikuwa nampiga," nikasema. "Naota nafukuzwa na mbwa, nawapiga teke, naamka namkuta yeye ameshika ubavu. Alicheka, akabeba mto wake. Kila asubuhi aliniuliza mbwa wangapi leo."

Mussab aliinamisha kichwa. Jerioth hakucheka. Aliandika mstari mrefu, akanipa kalamu na karatasi, akaniambia niandike jina langu mara tano. Niliandika Salme binti Kiponda. La kwanza lilikuwa kubwa, la tano lilikuwa dogo hata mimi mwenyewe niliinama kulisoma. Akaniambia nitembee hadi mlangoni na kurudi. Nilitembea. Aliutazama mkono wangu wa kulia zaidi kuliko alivyonitazama mimi.

Kisha akanifunga kitambaa machoni.

Alieleza kwamba ana kalamu kumi na sita, na kila moja ina harufu badala ya wino. Atanipitishia puani, atanitajia majina manne, nami nitachagua moja. "Lazima uchague," akasema. "Hata kama husikii kitu, bahatisha. Hakuna kusema sijui."

Sasa nakiri jambo. Nilikwenda pale nimekusudia kudanganya. Nilikuwa nimejiambia tangu usiku kwamba nikisikia hata chembe ya harufu, nitataja jina jingine, kwa sababu kitakachoniokoa ni kushindwa. Mwanamke mwenye haki alikuwa amefika mahali pa kupanga uongo ili haki yake ionekane, na walionifikisha hapo walikuwa wamekaa nyuma yangu kwenye viti vya plastiki.

"Ya kwanza. Chungwa, kitunguu thomu, ngozi, au waridi?"

Nilivuta pumzi. Hewa iliingia ikiwa baridi kidogo, basi. Nilijitayarisha kudanganya na sikuwa na cha kudanganyia. Uongo unahitaji uijue kweli kwanza, nami sikuijua.

"Ngozi," nikasema.

"Ya pili. Samaki, ndizi, mdalasini, au kahawa?"

"Kahawa."

Ziliendelea hivyo. Karafuu, nanasi, samaki, limau, majina yote niliyoishi nayo jikoni kwa miaka arobaini, yakatajwa moja moja nami nikiyachagua kwa upofu. Kwenye ya tisa sauti yangu ilianza kukatika. Jerioth akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia nataka amalize. Barakat kule dirishani alikuwa akiguna kila nilipojibu, na Jerioth akamwambia akiguna tena atamtoa nje. Alimwambia hivyo kavu kavu, bila hata kumwita bibi.

Baada ya ya kumi na sita kalamu yake ya kuandikia ilikwaruza karatasi. Nilidhani tumemaliza. Nikasikia kifuniko kidogo kikifunguliwa.

"Moja ya mwisho, mama. Hii haina majibu manne. Vuta kidogo tu, uniambie kama kuna kitu au hakuna kitu."

Nilivuta, na pua ikawaka. Ilikuwa mchomo wa kweli, uliopanda hadi katikati ya macho, machozi yakajaa kitambaani. Na hapo hapo, kabla sijakohoa, akili ilinienda mbio: wamenipata. Nikisema kuna kitu, nimekwisha, kumbe pua inasikia. Nikikaza uso na kusema hakuna, nabaki katika nyumba ya Luqman. Nilikuwa na muda wa pumzi moja kuchagua, na jibu lenye faida lilikuwa lile la uongo.

Hasira ndiyo iliyojibu. Nilikuwa nimechoka kupimwa. "Kinachoma!" nikapiga kelele, nikasukuma mkono wake. "Kuna kitu, naam, kinachoma, waniua! Muandike mnavyotaka!"

Barakat aliruka kitini. "Mmesikia? Mmesikia kwa mdomo wake! Mussab, umesikia? Pua i hai, pua haina neno! Siku kumi adanganya watu!"

Nilivua kitambaa. Mussab alikuwa amesimama, na usoni mwake niliona amekwisha kunihukumu. Macho yake yalikuwa sakafuni. Hilo sitalisahau.

"Kaa chini," Jerioth akasema. Alikuwa anafunga kichupa chake taratibu. "Nyote wawili. Kaa."

Barakat alibaki amesimama.

"Hii ni amonia. Hainuswi tu, inachoma. Inapita kwa mshipa mwingine kabisa, ule unaokutoa machozi ukikata kitunguu. Mtu aliyepoteza pua anaisikia kama mimi na wewe. Sasa nisikize. Mtu anayenidanganya, nikimpa hii, anakaza uso anasema hakuna kitu, juu ya vile anaogopa akikubali ataumbuka. Nimewaona. Machozi yanamtoka na bado ananiambia hakuna kitu." Alinionyesha kwa kidole, bila heshima yoyote. "Huyu amenipigia kelele."

"Na zile kalamu?" Mussab akauliza.

"Amepata nne kati ya kumi na sita."

"Nne amepata!" Barakat akasema.

"Majibu ni manne kwa kila kalamu, mama. Hata ukimfunga macho mbuzi wa barabarani umwambie abahatishe, atapata kama nne. Anayesikia akajifanya hasikii, hulikimbia jibu la kweli kila mara, mara nyingi hapati hata moja. Huyu hakukimbia kitu. Hakuwa na cha kukimbia." Akavua miwani. "Mama Salme hana pua. Na haijapotea jana."

Nilidhani nitafurahi. Kwa siku saba nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo, nimeufanyia mazoezi uso wa kuipokea, uso ambao Barakat angeuona mpaka kufa kwake. Lakini Jerioth hakuwa amemaliza. Alivuta ile karatasi yenye majina yangu matano na kuiweka mbele yangu.

"Pua hupotea kwa mambo mengi," akasema. "Mafua, korona, umri. Ingekuwa pua peke yake ningekuambia nenda nyumbani. Lakini iko pua, iko choo, iko hao mbwa unaowapiga teke, uko mwandiko unaopungua, na uko mkono wako wa kulia ambao hauchezi ukitembea. Kuna ugonjwa wa ubongo unaoanza hivi, miaka kabla mkono haujatetemeka. Sisemi unao. Sina kipimo cha kusema unao. Nasema nakuandikia barua, na uende kwa daktari wa ubongo."

"Nalikuja kutafuta jina langu," nikamwambia. "Sikukuomba ugonjwa."

"Najua," akasema, akaendelea kuandika.

Tulipanda tuktuk, tukavuka sokoni Kongowea. Barua ilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa nikiutazama mkono wangu wa kulia umelala pajani, nikiuambia ucheze. Barakat ndiye aliyeanza, na alianza kwa sauti laini, ambayo kwake ni mbaya kuliko kelele.

"Basi yamekwisha. Ni mgonjwa wa kitwa, wa ubongo, maskini. Wallahi sikujua. Lakini mgonjwa wa kitwa hakai peke yake na majiko ya gesi, Mussab, mchana kutwa weye uko kazini. Ijumaa ni pale pale. Atakuja kwangu nimtazame."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Asubuhi nilikuwa niondoke kwa sababu nina pua, na sasa niondoke kwa sababu sina.

"Dereva," Mussab akasema, "simama Bakarani." Tulipofika akamwambia shangazi yake, "Nipe lile kapu."

"Kapu halifunguliwi kabla ya eda kwisha."

"Litafunguliwa leo, shangazi."

Alilibeba mwenyewe, na Barakat akafuata nyuma hadi kwetu kwa sababu hawezi kukosa jambo. Mussab alilikata kamba sebuleni. Alitoa chetezo, marashi, vikebe vya dalia, na chini kabisa ile chupa nyeusi. Akafungua, akanusa, akampa shangazi yake anuse. Kisha akaenda chumbani kwangu akaleta ile niliyojipaka. Barakat alizinusa zote mbili, kisha akairudia ile ya kwanza.

"Haya ni matupu," Mussab akasema. "Uliondoa matupu, ukaacha ya asumini."

"Zafanana! Mato yangu yangeona tofauti gani? Nazo zimezibwa. Lakini ile moja ilikuwa imefungwa mpira shingoni, ule mwembamba wa kufungia mafungu ya majani ya dania. Nikasema, hii ndiyo aliyoitenga ya kutumia edani. Nikaiacha. Nalitaka wema!"

Mpira. Niliukumbuka. Niliuvua siku niliyoifungua chupa, nikafungia mfuko wa sukari. Mpira wa manjano, sikujua umetoka wapi wala sikujiuliza.

"Sikuufunga mimi," nikasema.

Mussab alikuwa amekaa mkekani na chupa moja katika kila mkono. Alisema bila kuinua macho. "Aliufunga baba."

"Lini?"

"Mwaka jana. Siku ya yale maharagwe."

Nayo niliikumbuka. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameisha, nikachukua ya kabatini, nikaunga maharagwe. Luqman alikula sahani nzima, akaongeza, akapangusa kwa mkate, akasema Mungu aibariki mikono yangu. Mussab alikula tonge mbili akasema tumbo linamsumbua.

"Yalikuwa ya asumini, mama. Nilitaka kutema. Baba alinikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye nilimkuta chumbani anafunga ule mpira, akaniambia, 'Pua ya mamako imechoka. Usimwambie, atafadhaika. Iliyofungwa ndiyo ya kunukia, nitakuwa namtazamia.'"

 Nilimtazama mwanangu. Nilimwuliza polepole, maana nilitaka kila neno limfike.

"Ulikumbuka lini maneno hayo?"

Aliziweka chupa chini mkekani.

"Mussab. Leo kliniki? Jana? Uliyakumbuka lini?"

"Siku ile ya khitma."

"Kabla ya kusimama pale mlangoni pa jikoni na viatu?"

"Nilikuwa nimeshayakumbuka." Sauti ilimtoka kidogo. "Shangazi alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu. Sikuwa na hakika. Nilisema kipimo kitaonyesha."

Siku saba. Kwa siku saba mwanangu alikuwa na ushahidi wangu mdomoni, na akaniacha nikafungwa macho mbele ya Barakat nichague kati ya ngozi na waridi. Luqman alijua akanyamaza kwa mapenzi, na Mussab alijua akanyamaza kwa woga, na mimi niliyenyamaziwa ndiye niliyeaibika. Nilimkasirikia marehemu pia, Mungu anisamehe. Angeniambia siku ile ya maharagwe, ningelia, ningekwenda hospitali mwaka mzima kabla, na ningeandika majina juu ya chupa zangu.

"Barakat," nikasema, "toka nyumbani kwa mume wangu. Siku ya kutoka eda usije. Sitaki mkono wako unioshe wala unipake."

Alimtazama Mussab. Mussab alisema, "Mama hatoki hapa," na ilikuwa kweli, na ilikuwa imechelewa siku saba. Barakat alijitanda akaondoka, na hakuufunga mlango.

Usiku ule sikumwambia Mussab neno. Asubuhi nilioga, nikamimina mafuta matupu kiganjani, nikajipaka. Kisha nikasimama. Nilitazama chupa mbili nyeusi zilizofanana, nikawaza kama nimeshika ile ninayodhani. Zamani ningejua nikiwa na macho yamefumbwa.

"Mussab!"

"Naam, mama."

"Ndoo weye, sogea hapa." Nilimnyooshea mkono. "Nusa."

Alipiga goti, akanusa kiganja, akanusa kifundo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nazi tupu, mama."

"Apa."

"Wallahi. Nazi tupu."

Niliurudisha mkono ndani ya kanga. Huenda alisema kweli. Sikuwa na pua ya kumhakiki, na pua pekee iliyobaki nyumbani ilikuwa ya mtu aliyejua na asiseme. Zilibaki siku kumi na nane za eda, na miadi ya daktari wa ubongo siku mbili baada yake. Kila asubuhi ya siku hizo nilimwita akanusa, na kila asubuhi nilimwapisha.